Mdogo wangu aliwaona, mimi nilirudi kwa miguu

Jumatatu jioni, Okolona, Louisville. Mvua imenyesha mchana lakini haikupoza kitu. Lami inatoa mvuke na nguo zinanata mwilini. Nimetoka kazini, sijala, sijavua hata soksi.

Nina hasira. Naandika hilo mapema, nisije baadaye nikajidanganya kwamba nilikuwa nimechoka tu.

Kwa wiki nyingi ukurasa huu haukuwa na habari nyingine ila safari ya Toronto. Mliona koti nililoshona, kitenge mbele, na mgongoni jina la kundi la waimbaji kwa herufi za Kikorea. Tangu jana mnaniandikia: vipi, ilikuwaje, tupe picha. Sina picha.

Kwa asiyenijua, naitwa Joselyne. Mimi ni Mrundi niliyekulia kambi ya wakimbizi, mkoa wa Kigoma, Tanzania, na niko Louisville tangu nilipokuwa na miaka kumi na mitano. Nafanya kazi kwenye ghala moja karibu na uwanja wa ndege. Mdogo wangu anaitwa Divine, ana miaka kumi na tisa. Nilimbeba mgongoni mpaka watu wa kambini wakadhani nimemzaa mimi.

Wakorea niliwajua kabla sijamjua Mmarekani hata mmoja. Nyuma ya soko la kambi kulikuwa na banda la video. Jenereta lilinguruma nje, na ndani zilionyeshwa tamthilia za Kikorea ambazo jamaa mmoja alikuwa amezitafsiri kwa Kiswahili kwa sauti yake mwenyewe. Wanaume, wanawake, watoto, mabibi, wote aliwasemea yeye, na utani wake akaongeza juu. Nilimchotea maji mke wa mwenye banda ili niruhusiwe kuingia. Nilikaa chini, Divine amelala mapajani pangu, nikimlilia mwanamke wa Seoul ambaye mama mkwe wake hamtaki. Wanawake wazima waliokimbia vita walikuwa wanafuta machozi kwa ncha za khanga kwa ajili ya mama mkwe wa Seoul.

Halafu tukaletwa Marekani.

Mwaka wa kwanza shuleni sikuwa na mtu. Nikifungua mdomo, wanacheka. Mwalimu mmoja aliniuliza kama Kirundi ni lugha kweli au ni lahaja ya kitu kingine, na aliuliza kwa upole kabisa. Siku moja wakati wa chakula msichana aliyekuwa anakaa peke yake kama mimi alinipa upande mmoja wa hedifoni yake. Wavulana wa Kikorea walikuwa wanaimba. Sikuelewa neno. Lakini yeye pia hakuelewa, na alikuwa anatabasamu. Ilikuwa mara yangu ya kwanza katika nchi hii kutoelewa kitu bila kuona aibu.

Toka siku hiyo nikawa mtu wao.

Nilijifunza kusoma Kikorea kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, na Kiingereza nikakijifunza humohumo, kwa sababu tafsiri za nyimbo zilikuwa kwa Kiingereza. Watu wanashangaa nikiwaambia hivyo. Nilikuwa nacheza nikitazama video, namfundisha Divine, naye anashika haraka kuliko mimi. Jumamosi tulicheza kwenye maegesho ya magari ya kanisa letu. Mchungaji alilalamika mara moja tu. Baada ya hapo binti zake mwenyewe wakaja kujiunga. Mama alisimama mlangoni amekunja mikono, akasema, "Hao wanaume wanaopaka wanja, nani anawaoa?" Tukacheka mpaka tukakaa chini.

Kanisani bado wananiuliza nina nini na Wakorea. Sijawahi kuwapa jibu zuri. Leo kwa hasira naona nalo limekuja. Wale watu waliimba kwa lugha yao. Hawakuomba radhi. Hawakungoja mtu awaambie kama ni lugha kweli. Dunia nzima ikahangaika kutamka maneno yao, watoto wa Brazili, wa Ufaransa, wa Nairobi, na hapa Kentucky kwenye duka la vyakula utasikia wimbo wao juu ya friji za maziwa na hakuna anayegeuka kushangaa. Mimi nilitoka kwenye nchi ambayo watu hapa wanaiuliza iko wapi. Walinionyesha kwamba unaweza kutoka mahali padogo na usijipunguze.

Hivyo ndivyo nilivyoamini.

Sasa. Kundi lilirudi. Vijana wote walikuwa wamekwenda jeshini kama sheria ya kwao inavyotaka, na tuliwangoja. Ziara yao mpya ikatangazwa. Miji ya huku tiketi ziliisha tukiwa bado tunatazama kioo. Divine alishinda siku nzima kwenye foleni ya mtandaoni, hakwenda hata chuoni, na jioni akapiga yowe lililomtoa Mama jikoni na mwiko mkononi. Amepata tatu. Toronto, Kanada. Mbili zetu, moja ya rafiki yetu Atieno wa Columbus.

Mama akafurahi kwa sababu tulikuwa tumefurahi. Kisha akaniangalia mimi. "Wewe utavukaje?"

Hapa lazima nieleze, maana hapa ndipo kila kitu kilipo. Mama alipata uraia miaka mitatu iliyopita. Alishindwa mtihani mara mbili, mimi ndiye niliyekaa naye kwenye sofa kila nikitoka shifti, namuuliza maswali ya serikali yao mpaka nikawa nayajua usingizini. Siku alipoapa, Divine alikuwa na miaka kumi na sita, kwa hiyo naye akawa raia papo hapo, bila swali, bila mtihani, kwa kuwa tu ni mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima. Ilibidi niombe peke yangu. Nikaomba. Nikafanya usaili, nikafaulu. Siku ya kuapa ilipokaribia, nikapokea ujumbe kwamba kiapo changu kimeahirishwa, bila siku nyingine kutajwa. Hati ya kusafiria ya wakimbizi nayo niliomba. Haijafika. Ukiuliza, wanasema inashughulikiwa. Wengine wenye asili ya nchi yetu wako kwenye foleni hiyohiyo, na hakuna anayejua mbele yake kuna nini.

Mama mmoja, kambi moja, ndege moja. Mdogo wangu ana pasipoti ya bluu na mimi nina grini kadi, kadi ya ukaazi tu.

Mwanasheria wa bure anayetusaidia alinikataza kuvuka mpaka wowote. Lakini kuna kaka mmoja kazini aliyeniambia alivuka mpaka wa Kanada pale Buffalo kwa grini kadi tu, wakaiangalia, wakampungia mkono apite. Ya mwanasheria nikayaweka pembeni, ya yule kaka nikayashika. Divine naye akasema, "Dada, itakuwa sawa. Sisi ni watu watatu wazuri tunaenda kwenye muziki." Nilitaka sana iwe hivyo.

Tuliondoka Ijumaa asubuhi kwa gari langu. Divine aliweka nyimbo tangu tulipoingia barabara kuu na tuliimba mpaka tukavuka mto, tukaingia Ohio, tukaendelea. Atieno anakaa karibu na chuo kikuu pale Columbus, kwenye nyumba ya zamani iliyokatwakatwa vyumba vya wanafunzi. Ni Mkenya, anafanya shahada ya uzamivu. Tulijuana kwenye mtandao wa mashabiki, tukagombana kuhusu nani anaimba vizuri zaidi, urafiki ukaanzia hapo. Anasoma mambo ya sanaa, na nusu ya kitabu anachoandika ni kuhusu Korea.

Alikuja na mfuko wa mandazi na mto wa shingoni. Kabla hata hajafunga mkanda akaniuliza, "Joselyne, na ile travel document, ilikam?"

"Bado."

"So unavuka na nini?"

Divine akajibu badala yangu kwamba kuna mtu alivuka kwa kadi. Atieno alifunga mkanda, akasema, "Sawa. Tutaona." Sikuipenda hiyo sauti yake, nikaongeza muziki.

Njiani alitusimulia mambo anayoyasoma. Kwamba kabla ya hawa waimbaji kulikuwa na wachoraji, watu wa sinema, wapiga vyombo, waliotoka Korea wakati nchi yao ilikuwa majivu, wakaenda Ulaya na Amerika, wakachekwa, wakalala vyumba vya baridi, wakafanya kazi mpaka watu wakaacha kucheka. Kwamba babu na bibi za hawa vijana tunaowapenda wengi walikuwa wakimbizi. Walikimbia vita kuelekea kusini na vifurushi vichwani, wakaishi kwenye vibanda vya mabati na maboksi kule pwani, wakapanga foleni ya unga wa msaada.

"Kama nyinyi tu," alisema. "Same thing."

Niliendesha huku machozi yananitoka. Machozi ya furaha. Naona niseme hivyo.

Buffalo tulilala kwa Shangazi Goreti, upande wa East Side, mtaa ambao Warundi na Wakongo wamezijaza nyumba zilizokuwa tupu. Alituwekea ugali, dagaa na lengalenga, mchicha wa bustani yake mwenyewe. Alipoliona koti langu alilishika, akaligeuza, akauliza maandishi yale yanasemaje. Nikamwambia. Akasema, "Wewe ungeshonea watu. Ungekuwa mbali." Halafu akaniambia, kwa Kirundi, kwamba mwanangu, kuvuka sikukatazi, lakini kurudi unakujua?

Nikamwambia asiwe na wasiwasi.

Jumamosi, mchana, jua kali. Kabla ya daraja kuna kibao kinachokwambia hii ndiyo njia ya mwisho ya kutoka kabla ya Kanada. Nilikiona. Divine alikuwa amejipaka pambo la kung'aa mashavuni. Kushoto na kulia kulikuwa na magari yenye wasichana kama sisi, mikono nje ya madirisha, taa za mashabiki wa kundi mikononi ingawa ni mchana. Mtu akitupungia, tunapunga. Sikutoka kwenye njia ile.

Mto ni mpana pale, maji ya kijani yanakwenda kwa nguvu. Nilipita juu yake na moyo umenijaa.

Upande wa pili afisa aliomba hati. Divine akatoa pasipoti ya bluu. Atieno akatoa ya Kenya yenye viza. Mimi nikatoa kadi. Akaigeuza.

"Na pasipoti?"

Nikamwambia sina, niliingia Marekani kama mkimbizi, hati yangu ya kusafiria inashughulikiwa. Akasema niegeshe pembeni, tuingie ndani.

Ndani kulikuwa na viti vya plastiki na kiyoyozi kikali. Mwanamke aliyetuhudumia alikuwa kijana, pengine mdogo kwangu, na hakuwa mkali hata kidogo. Ningependa angekuwa mkali. Alieleza polepole kwamba bila pasipoti au hati ya kusafiria hawezi kuniruhusu. Nikamwonyesha tiketi. Nikamwonyesha kwenye simu barua ya kwamba nilifaulu usaili. Akasoma yote. Akasema anaelewa na anasikitika, nitarudi nilikotoka.

Kisha akawageukia wenzangu. "Nyinyi wawili mko sawa."

Nyinyi wawili.

Tulisimama kando ya mashine ya soda. Atieno ndiye aliyeongea kwanza. "Apana, turudi wote. Aki hatuwezi kumwacha hapa." Alikuwa ameshachukua mkoba wake. Mtu niliyemjua mtandaoni.

Mdogo wangu alikuwa anaangalia saa kwenye simu yake.

Nikasema, "Nendeni. Toronto bado ni mbali, mtachelewa. Mimi nitarudi kwa Shangazi."

Niliyasema jinsi mtu anavyosema akiwa anataka akataliwe. Kila mwanamke aliyewahi kusema usijali anajua sauti hiyo. Divine anaijua kuliko wote, ameisikia tangu akiwa mgongoni.

Akasema, "Una uhakika, Dada?"

Nikasema, "Nina uhakika."

Akasema, "Okei."

Akanyoosha mkono kuchukua ufunguo wa gari.

Atieno alinikumbatia. Divine naye alinikumbatia haraka, pambo la mashavu yake likabaki shingoni kwangu, kisha wakatoka. Niliwaona kwa dirisha wakiingia kwenye gari langu. Divine alirekebisha kiti, kwa sababu miguu yake ni mirefu kuliko yangu. Wakaondoka.

Daraja lile lina njia ya waenda kwa miguu. Afisa alinielekeza. Nikarudi Marekani kwa miguu, peke yangu, na koti langu la kitenge. Upepo wa juu ya maji ulikuwa unanisukuma kwa ubavu. Magari yaliyokuwa yanakwenda Kanada yalinijia usoni, na wale wasichana wenye taa waliliona koti, wakapiga honi, wakapiga kelele, wakanipungia. Mmoja alitoa kichwa chote nje na kuliita jina la kundi. Walidhani nimeshuka kupiga picha, labda. Walidhani tunakwenda wote.

Nikapunga. Sijui kwa nini nilipunga.

Upande wa Marekani sikupita hivihivi. Walinipeleka kwenye chumba, wakachukua kadi na simu. Nilizaliwa wapi. Niliondoka lini. Kanada nilikwenda kufanya nini, na kwa nini nimerudi kwa miguu, na gari liko wapi, na ni nani ameondoka nalo. Nilikaa pale nikiwaza maneno ya Shangazi. Nilimwaza Mama akipigiwa simu. Hapo ndipo nilipoogopa kweli, hofu ile ya zamani ya kukaa mbele ya meza ya mtu huku karatasi zako ziko upande wake. Nilidhani niliiacha Kigoma.

Afisa wa mwisho alikuwa mzee mwenye masharubu. Akaniuliza tamasha la nani. Nikamtajia.

Uso wake ukachanua. "Aa! Binti yangu ana wazimu na hao!" Akaanza kuimba kipande cha wimbo wao, Kikorea cha uongo kabisa, akitikisa mabega kwenye kiti. Mwenzake akacheka. Wakaningoja nicheke. Nikacheka, kwa sababu kadi yangu ilikuwa mkononi mwake.

Akanirudishia. Akasema safari nyingine nije na hati zote.

Nilipanda basi mpaka East Side. Shangazi alinifungulia, akaniona peke yangu. Alinipa chai ya tangawizi, akalivua koti mabegani mwangu kama unavyomvua mtoto, akalitundika nyuma ya mlango. Kisha akaketi kuchambua maharage ili mikono yake iwe na kazi. Hiyo ndiyo huruma pekee niliyoipokea siku ile bila kukasirika.

Jioni, jua limeshazama, Divine alinipigia simu ya video. Nikapokea. Nikaona giza lenye nukta za mwanga na sikio likajaa kelele. Ulikuwa wimbo wangu. Ule wa hedifoni, ule wa mwaka wa kwanza shuleni. Yeye alikuwa ameinua simu juu ili nione jukwaa, lakini jukwaa halikuonekana. Nilichokiona vizuri kilikuwa upande wa uso wake. Alikuwa anaimba kila neno kwa Kikorea safi, machozi yanamtoka, na hakuwa ananiangalia. Kikorea chake hakina doa. Kirundi chake Mama hulazimika kukirekebisha kila sentensi ya pili.

Nilikata.

Walirudi jana asubuhi, sauti zimewakauka. Atieno alikwenda kuoga moja kwa moja, nadhani kwa makusudi. Divine alinikuta jikoni. Alikuwa ameniletea fulana ya ziara, akaiweka mezani mbele yangu.

"Dada, yule wa sauti nzito alisema kitu. Alisema anawashukuru waliokuja kutoka mbali, na pia wale walioshindwa kufika. Nikakufikiria wewe."

"Asante."

"Mbona umenuna? Si ulisema twende?"

"Nilisema."

"Basi?"

Shangazi aliinuka, akatoka na bakuli lake nje. Nikamwambia Divine kwamba Atieno, ambaye si ndugu yetu, alikuwa tayari kurudi. Kwamba yeye alikuwa anaangalia saa.

Akaanza kuongea Kiingereza, kama kawaida yake akikasirika, haraka, na nitaandika kwa Kiswahili kama nilivyomwelewa. Alisema hakuchagua kuwa na miaka kumi na sita Mama alipoapa. Hakuchagua pasipoti. Alisema kurudi kwake kusingenivusha mimi, tungekuwa tu watu watatu wanaolia East Side badala ya mmoja.

Nikamuuliza, "Ingekuwa wewe ndiye umekataliwa, mimi ningekwenda?"

"Hapana," akasema, sasa kwa Kiswahili. "Ungebaki. Halafu ningekumbushwa mpaka nizeeke."

Ningembishia neno gani? Kanisani, nyumbani, kwenye simu na ndugu wa Bujumbura, ni nani ambaye hajasikia jinsi nilivyombeba? Mimi ndiye ninayesimulia. Lakini nilimbeba. Hilo nalo ni kweli, na jana hakuna aliyekuwa tayari kunisikia nikilisema.

Tuliendesha mpaka Columbus bila muziki. Atieno aliposhuka alikuja upande wangu wa dirisha. Akasema aliliona tamasha lote kama mtu anayetazama kwa niaba ya mwingine, na kwamba halikuwa tamu. Nadhani alidanganya kwa upendo. Nikamwambia asante. Kutoka pale mpaka Louisville Divine alilala, au alijifanya.

Mama alikuwa ametupikia. Alitutazama mara moja, akajua. Akapakua chakula.

Leo kazini kila aliyekuwa anajua safari yangu aliniuliza. Nikasema ilikuwa nzuri. Yule kaka aliyenishauri kuhusu kadi alipita na toroli lake akaniinulia kidole gumba, nikamwinulia changu. Sikutaka kumweleza. Angesema pole, na mimi ningelazimika kusema si neno.

Mchana nilijaribu kuwachukia. Wale vijana, nasema. Niliwaza: nyimbo zenu zinavuka kila mpaka bila kuulizwa hati, mnaimba kwamba dunia ni moja, mnaimba kwamba hakuna aliye peke yake, na mnavaa almasi. Nilijitahidi kweli. Haikuwezekana. Hawakunifungia daraja. Hawajui kama nipo. Wangejua wangeimba tu kitu kizuri kuhusu jambo hilo, nami ningelia, na daraja lingebaki vilevile. Nadhani nilikuwa nimewapa kazi isiyo yao. Walifanya waliyoweza kwa msichana wa mwaka wa kwanza aliyekula peke yake. Zaidi ya hapo ni waimbaji.

Hata kuwachukia nimeshindwa. Linaniudhi hilo.

Divine anabisha mlangoni sasa hivi. "Dada, umekula?" Hivyo ndivyo anavyoomba radhi, kwa chakula, kama Mama. Anabisha tena. Nasikia sahani ikiwekwa chini, na nyayo zake hazijaondoka.

Ningejua kusamehe haraka ningefungua. Ningejua kuchukia ningelala. Niko katikati na sijui mtu hukaa hapa kwa muda gani.

Leo sifungui. Alfajiri nitafungua, si kwa sababu hasira itakuwa imekwisha. Yeye ana darasa, mimi nina shifti, na gari ni moja.